Lenzi ya Mtaliano

Mtaliano mmoja mzee wa Casuarina alipoamua kurudi kwao moja kwa moja, vyombo vyake vilitolewa uwanjani vikapangwa juu ya majani, na nusu ya Malindi ikaenda kuviangalia. Kulikuwa na friji mbili, magodoro, masufuria ya shaba, mwavuli wa ufuoni, saa ya ukutani iliyosimama, na mbuzi wa udongo aliyepakwa rangi ya kijani. Wengine walikwenda kununua. Wengine walikwenda kuona tu mzungu alikuwa akilalia nini.

Sahla alikwenda kwa sababu aliambiwa pana kamera.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, na chini ya macho yake palikuwa na weusi kama wa wanja ulioshuka ukakataa kupanda. Buibui lake lilikuwa la kitambaa kizuri cha kumwagika, ila begani limepauka mstari mmoja, pale mkanda wa kamera ulipokaa miaka yote. Kazi yake ilikuwa kupiga picha harusi za wanawake, kutoka Kilifi mpaka Mambrui, na wiki ile alikuwa ametoka harusi moja akaingia nyingine. Ndani ya viatu vya raba vidole vyake vilikuwa vimeumuka kama mahamri.

Aliipata kamera chini ya meza, imeviringwa kwenye taulo. Ndogo, ya kisasa, isiyotumia filamu. Lakini lenzi iliyofungwa mbele yake ilikuwa ya zamani, ya Kijapani, nzito kama mchi mdogo. Kioo chake kilikuwa kimetuna kama jicho la ng'ombe, kina rangi ya asali upande huu na ya zabibu upande ule.

"Hiyo ina ukungu, mama," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake.

Sahla hakugeuka. "Mamako yuko nyumbani. Mimi sina mtoto mwenye sauti nzito hivyo."

"Haya, dada basi. Ukungu unao vile vile."

Hapo akageuka. Alikuwa mtu mrefu, amevaa kikoi cha samawati na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Mvi zilikuwa zimeanza kwenye ndevu. Amekumbatia boksi la fremu za miwani, na yake mwenyewe aliyoivaa sikio moja limefungwa kwa uzi mweusi.

"Nawe ni nani? Daktari wa kamera?"

"Fundi wa miwani. Naitwa Harith, kwetu Mambrui. Duka langu liko nyuma ya soko la zamani."

"Fundi wa miwani, na yako umeifunga uzi?"

"Mganga hajigangi," akasema Harith, wala hakucheka. "Ielekeze kwenye mwanga. Waona nyuzi nyuzi ndani? Ndiyo hewa yetu ya bahari. Kioo hakipendi kufungiwa kabatini. Marehemu baba alikuwa na studio hapa mjini, alikuwa nayo kama hii. Nimekua nikiisafisha."

Sahla akaweka jicho kwenye kidirisha cha kamera. Kamera za namna ile huoni kupitia kwenye lenzi; waona kupitia tundu dogo la pembeni, na katikati ya tundu kila kitu huonekana viwili. Akamwona Harith mzima, na ubavuni pake kivuli chake cha manjano, kama pacha ambaye hakualikwa. Akaizungusha pete ya lenzi taratibu. Kivuli kikasogea, kikasogea, kikamwingia mwenyewe. Wakawa mtu mmoja.

"Naichukua," akasema.

"Na ukungu?"

"Ukungu utautoa wewe. Si umesema umekua ukisafisha?"

Kisa cha Sahla kutaka lenzi ya namna ile ni desturi ya kazi yake. Siku ya kupamba, wanawake wanapomwangalia bibi harusi, milango hufungwa na mapazia hushushwa, maana ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi na mikono iko wazi. Simu zote hukusanywa kwenye kapu mlangoni. Mpiga picha huwa mwanamke, naye anachokiona ni amana: picha huzichapisha mwenyewe, albamu humkabidhi mama wa bibi harusi mkononi, na kwake habakishi kitu. Picha moja tu ikifika machoni mwa wanaume, mpiga picha huyo hatapigiwa hodi tena na mtu. Na siku hizi mabibi harusi walikuwa hawataki flashi. Walitaka mishumaa na vitaa vya kamba, wawe kama ndoto, na kamera ya Sahla ya siku zote humo gizani ilikuwa ikitoa picha za chenga chenga kama mchanga.

Harith alikaa na lenzi, na simu zikaanza.

"Umekula, Sahla?"

"Nimekunywa chai. Lenzi yangu yaendeleaje?"

"Mimi nakuuliza wewe, waniuliza kioo?"

"Kioo ndicho kinachonilisha, mwanangu."

"Ee, leo nimekuwa mwanao! Juzi ulinikana uwanjani mbele ya watu." Akaguna, sauti yake nzito ikapasuka kidogo. "Sikiliza basi. Hii lenzi tundu lake kubwa, inakunywa mwanga kama ngamia. Ila ina choyo. Ikipenda jicho, sikio haina habari nalo. Pale inapoona vizuri, unene wake ni kama ukucha. Kilicho nyuma chote chayeyuka kama sukari kwenye chai."

"Basi ni lenzi ya mwanamume huyo. Ukisogea kidogo tu, hakuoni tena."

"Ni ya mwanamke. Ya mwanamume ingewaona wote."

Sahla akacheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe, maana alikuwa hajakisikia tangu atoke Mtwapa, kwenye ndoa iliyomwacha na talaka na kamera moja. Akamwandika Harith kwenye simu "Ukungu." Harith alipojua akasema ni sawa, kwani yeye alikuwa amemwandika "Mama."

Harith alikuwa amefiwa na mke. Alikaa Mambrui na dada yake mkubwa, Bi Shekha, na kila siku alikuja dukani Malindi. Hawakuwa watu wa kukimbizana. Jioni Sahla akipita, Harith alikuwa akimvutia kiti, akimpa kikombe cha kahawa tungu na kipande cha haluwa, nao wakikaa mlango wazi, kila mmoja na uchovu wake, wakitazama watu wakinunua ndizi.

Lenzi ilipokuwa safi, harusi yake ya kwanza ilikuwa ya Afiya, binti wa jamaa wakubwa wa Mambrui. Siku ya kupamba, alasiri, mapazia mazito yalishushwa sebuleni mpaka mchana ukawa usiku. Afiya aliketishwa juu, gauni la kijani lenye nyuzi za dhahabu, hina mpaka kwenye viwiko, vikuba vya asumini kichwani. Aliyempamba ni Mbeyu, Mgiriama wa Kilifi, shoga yake Sahla wa miaka mingi, ambaye mdomo wake haukai kimya hata akiwa na pini menoni.

"Sahla, mwenehu, ndugu yangu wee, hicho ni nini, kamera au kikombe cha uji?"

"Nyamaza, mwanga uje."

Na mwanga ukaja. Kwenye lenzi ile mishumaa ilivimba ikawa mviringo kama tufaha, na uso wa Afiya ulimwagikiwa na weupe kama wa maziwa yanayotaka kuchemka. Sahla alipiga, akapiga tena.

Alipofika kwake Shela, hapo hapo Malindi, akazikuza kwenye kompyuta, na moyo ukamvunjika. Jicho alilolilenga lilikuwa limefifia kama lililolala usingizi. Kilichokesha ni herini, nyuma ya jicho. Picha hii herini, na ile herini. Na bado siku ya kutolewa nje, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake wote, ilikuwa mbele, siku kubwa kuliko zote.

Asubuhi akaingia dukani kwa Harith bila hata salamu.

"Yapiga nyuma! Nalenga jicho, yaja herini."

"Kaa kwanza upumue."

"Sina nafasi ya kupumua. Nina picha za pasipoti za shule Kilifi saa hii."

"Niachie basi. Kesho asubuhi utaipata."

Akaiacha akaondoka mbio. Kwa kuchoka kule, hakukumbuka kwamba ndani ya kamera mlikuwa na kadi, na ndani ya kadi mlikuwa na kupambwa kote kwa Afiya.

Kesho yake Bi Shekha mwenyewe ndiye aliyemletea kamera mpaka mlangoni, mama mpana mwenye leso mbili na harufu ya udi, akakataa kuingia kwa kuwa tuktuk ilikuwa ikimsubiri. Harith akapiga simu.

"Nimeitandaza tasbihi ya marehemu baba juu ya meza, imelala kwenda mbali. Nikalenga punje ya katikati. Ikatoka safi punje ya tatu nyuma yake. Ile pete ya kuungia lenzi na kamera imelika. Nimeitilia utepe wa shaba, mwembamba kama ganda la kitunguu. Sasa punje unayoilenga ndiyo inayokuja."

"Baba yako naye ilikuwa ikimpiga nyuma?"

"Labda. Nani angejua? Picha zake zilikuwa za kiganja. Wewe waikuza mpaka ukope, ndipo kosa likapata pa kuonekana."

"Ahsante, Ukungu wangu."

"Sahla. Nina neno nataka kukwambia, ila si la kwenye simu. Njoo Ijumaa Mambrui. Dada atapika."

Siku ya kutolewa nje kila picha ilikuja jicho: ukope kwa ukope, na chozi limesimama ukingoni. Sahla alirudi nyumbani akaosha nywele, akatoa kabatini dera la rangi ya zambarau ambalo lilikuwa halijapata safari. Akaipigia pasi Ijumaa yake.

Alhamisi akaja mama yake Afiya.

Alikuja na mtandio umevutwa mpaka kwenye nyusi, akakataa kiti, akakataa maji.

"Sahla, nilikupa mwanangu."

"Kuna nini, mama?"

"Picha yake ya kupambwa inazunguka kwenye simu. Kichwa wazi. Imefika mpaka kwa wakweze. Wanaume wameiona." Sauti yake haikupanda, ilikuwa imechakaa tu. "Nimewaambia wanawake wote, atakayeipata aifute bila kuifungua. Anayeifungua ni sawa na aliyeituma. Mimi mamake mwenyewe sijaitazama. Lakini nakuuliza wewe, ndani ya chumba kile, nani alikuwa na kamera?"

Sahla akafungua mdomo aape. Ndipo akili ikamrudisha kwenye kadi. Ililala wapi ile kadi? Ililala kwa Harith.

Mama yake Afiya alipotoka, akapiga simu amesimama.

"Harith, ile siku nilipokuachia kamera, uliiwasha?"

"Niliiwasha. Ningeipimaje bila kuiwasha?"

"Ndani mlikuwa na kadi yangu."

"Mlikuwa nayo." Sauti yake ikabadilika. "Waniuliza nini, Sahla? Uliza unachouliza."

"Picha ya Afiya imetoka nje."

Harith akasema pole pole, "Wewe umeitazama hiyo picha?"

"Siitazami! Haikutazamwa na mamake, niitazame mimi?"

"Itazame. Itazame kwanza, kisha unipigie."

"Hata haya huna! Mtoto wa watu ameaibika, nawe waniambia nikae nimkodolee macho? Ndivyo ulivyokaa ukimtazama wewe?"

"Sahla..."

"Nilidhani nimepata mtu. Kumbe nimempa fisi bucha."

Akakata, akalifungia jina la Ukungu lisimpigie tena. Dera la zambarau akalirudisha kabatini na mikunjo ya pasi yake.

Basi zikafuata siku za kuchosha. Harusi mbili zikafutwa kwa ujumbe mfupi mfupi: tumepata mtu mwingine, ahsante. Ya tatu haikufutwa, ila alipofika mlangoni aliambiwa aache kamera kwenye kapu pamoja na simu. Akawa mpiga picha aliyekaa mkekani akila pilau na mikono mitupu. Alirudia picha za pasipoti huko Kilifi, watoto wa shule mbele ya shuka nyeupe, inua kidevu, fumba mdomo, mwingine. Alichoka akalala, akaamka amechoka. Kahawa ya popote ilikuwa na ladha ya duka lile.

Mbeyu akamkuta hapo Kilifi, chini ya shuka yake, amekaa ameegemea ukuta.

"Weye waonekana kama hina ya wiki tatu," Mbeyu akasema, akajibwaga ubavuni pake na mfuko wa viazi karai. "Kula."

"Sina hamu."

"Sikukuuliza hamu. Kula." Akamtazama anavyotafuna. "Ile picha uliiona, mwenehu?"

"Hata wewe, Mbeyu? Tumekatazwa."

"Mimi nilikatazwa nimeshaiona. Simu yangu hii hufungua picha yenyewe, hata sijui imewekwaje. Nami nilimtazama yule niliyempamba, nikasema, Mungu wangu, mkono wangu huu. Hina imetoka vizuri. Ila nilikasirika, maana mkoba wangu wa vipodozi umeonekana chini ya kiti, umefunguka, mafuta ya nazi nje nje, kama jikoni. Na ile feni yao ya ukutani imejaa vumbi! Jamaa wakubwa vile, hawafuti feni?"

Sahla akaacha kutafuna. "Feni gani?"

"Ya ukutani, nyuma ya kichwa cha Afiya."

"Ilionekana?"

"Si nakwambia mpaka vumbi lake? Mapanga yake ningeweza kuyahesabu. Na maua ya pazia. Na uso wa Afiya. Vyote."

"Vyote safi? Pamoja? Usinifanyie mchezo, Mbeyu."

"Nikufanyie mchezo gani? Safi kama kalenda."

Kiazi kikamwanguka Sahla mapajani. Akaona sebule ile mbele yake kama alivyoiona kwenye kidirisha: mishumaa imevimba, na nyuma ya kichwa cha Afiya hakuna ukuta, hakuna pazia, hakuna feni, ila kiza laini kama uji. Alikuwa amelifungua tundu la lenzi mpaka mwisho alasiri nzima, maana bila ya hivyo giza lingemshinda. Lenzi yake isingeweza kuona jicho na feni pamoja. Ilikuwa haiwezi kuona hata jicho na herini! Picha ile ilipigwa na simu. Simu huona kila kitu, haichagui.

*Itazame kwanza, kisha unipigie.* Hakuwa amemwambia akodoe macho. Alikuwa amemwambia atazame kama mtu wa kazi.

"Mbona walia sasa?" Mbeyu akauliza. "Pilipili?"

"Pilipili," akasema Sahla.

Hakwenda kwa Harith kwanza. Alikwenda kwa mama yake Afiya, akapiga hodi, akaketi mkekani bila kuambiwa, akaomba albamu aliyokuwa amemkabidhi.

"Shikamoo, mama. Sikuja kuapa. Nitafutie feni humo."

"Marahaba. Feni?"

"Feni yenu ya ukutani. Aliyeiona ile picha asema feni imeonekana mpaka vumbi. Nitafutie feni kwenye picha zangu za siku ile, hata panga moja."

Mama yule akavaa miwani, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, akilowesha kidole. Kulikuwa na Afiya na herini za Afiya, na mianga kama matufaha, na nyuma yake kiza. Akarudi mwanzo akapitia tena. Mwisho akainua macho akaitazama feni yenyewe pale ukutani, kisha kiti kilichoielekea, kile cha pembeni ya mlango.

"Hapo alikaa mdogo wangu," akasema taratibu. "Simu yake hakuiweka kapuni. Alisema anasubiri mwanawe apige kutoka Mtwapa." Akaifunga albamu, akaiwekea mkono juu. "Ya Rabi. Nami nimekwenda kwako, mtoto yatima, nikakataa hata maji yako. Niwie radhi, mwanangu. Nitasema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kila nyumba niliyopita."

"Nimekuwia radhi, mama. Nipe hayo maji, nimechoka."

Kutoka pale mpaka kwa Bi Shekha ni vichochoro vichache tu, lakini miguu ya Sahla ilivivuta kama vya mji mzima. Bi Shekha alikuwa uani akichambua mchele kwenye ungo. Alimtazama mgeni wake toka viatu vya raba mpaka mtandio.

"Umekuja na Ijumaa yako sasa? Biriani ile tulikula na paka."

"Nisamehe, dada. Nimemkosea ndugu yako. Nilidhani ameiangalia ile kadi."

"Kadi ipi? Kile kijikaratasi cha plastiki?" Bi Shekha akashika pindo la leso yake, lile ambalo wanawake hufungia funguo. "Kililala hapa. Harith alirudi nacho Mambrui amekifunga ndani ya kitambaa cha kufutia miwani, akaniambia, 'Dada, hii ni nyumba ya wanawake, usiku huu ilale kwako.' Nikaifunga hapa, nikalala nayo, nikaswali nayo. Asubuhi alinionyesha pa kukirudisha akageuza uso. Yeye alipimia kadi yake mwenyewe. Hakukwambia?"

Sahla akatikisa kichwa.

"Basi nenda kamuulize mbona hakusema. Yuko barazani, mgongo wamuuma. Siku hizi kila kitu chamuuma."

Harith alikuwa amekaa na boksi la fremu magotini, zile zile za Mtaliano. Uzi wa miwani yake ulikuwa mpya, mweupe. Alipomwona Sahla hakusimama, wala hakuondoka.

"Salaam aleikum, Harith."

"Waaleikum salaam."

"Haikuwa yangu ile picha. Imeonyesha feni."

"Najua. Siyo feni, sijui habari ya feni. Najua tu isingeweza kuwa yako. Ingekuwa yako, aliyeiona angesema ameona ndoto."

"Mbona hukuniambia kadi ililala kwa Dada Shekha?"

Harith akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi ilhali ilikuwa safi. "Ulikuwa waniuliza, Sahla, nami nikawa najibu. Kisha ukaacha kuniuliza ukaanza kuniambia. Fisi, bucha. Mtu wa umri wangu hujitetea mara moja. Mara ya pili huchoka."

"Nilikufungia simu."

"Nilijua. Nilipiga siku ya pili yake, ya tatu pia. Kisha nikakaa na hizi fremu."

Sahla akaketi kwenye ukingo wa baraza, mbali naye kiasi cha adabu. Mwadhini alikuwa bado. Paka mmoja, labda yule wa biriani, akapita katikati yao akaenda zake. Wakakaa hivyo. Ilikuwa kama dukani, ila hapakuwa na kahawa.

"Nisamehe, Harith. Mtu wa lenzi mimi, nikashindwa kutazama."

"Nimekusamehe tangu Alhamisi ile ile. Ni kuchoka tu kulikobaki."

Akatoa kamera mkobani. "Basi nipe kitu kimoja. Sijawahi kukupiga picha. Tulia hapo. Ukisogea kiasi cha ukucha, nakupoteza."

"Nimeshasogezwa vya kutosha. Siendi mahali."

Akaweka jicho kwenye kidirisha. Wakawa wawili, Harith na yule pacha wake wa manjano. Sahla akaizungusha pete, akapita, akarudi. Vivuli vikagusana begani, vikagusana shavuni, vikawa mtu mmoja, na Sahla akabana pumzi akapiga.

Akaitazama kwenye kioo cha nyuma. Kila ukope ulikuwa peke yake. Hata uzi mweupe sikioni, ulio nyuma kidogo, ulikuwa umeshaanza kuyeyuka. Na mlango, na ukuta, na Mambrui yote nyuma yake haikuwepo.

"Imekaa?" Harith akauliza.

"Imekaa."

"Lile neno langu la Ijumaa sikulitupa."

"Kabla hujalisema, nisikilize. Mimi si msichana wa kuketishwa juu ya kiti cha dhahabu. Nimechoka, Harith. Nikirudi nyumbani siongei. Nalala na soksi."

"Na mimi nimechoka. Sitafuti wa kukimbizana naye. Natafuta wa kuchoka naye nyumba moja."

Ndani, ungo wa Bi Shekha ulikuwa umenyamaza kitambo.

Sahla akafunga kifuniko cha lenzi, akakizungusha zungusha mpaka kikakaa. "Mwambie Dada Shekha aje na watu kwa mjomba wangu Mansur, pale Shela."

"Jumamosi?"

"Jumamosi nina harusi. Mama yake Afiya amenipatia mbili kabla sijatoka mlangoni pake."

"Jumapili?"

"Jumapili nalala."

"Jumatatu basi."

"Jumatatu," akasema Sahla. Akavua viatu vya raba, kwa mara ya kwanza mbele yake, akaweka miguu yake iliyovimba juu ya saruji baridi. "Na siku yenyewe picha atapiga Mbeyu, kwa ile simu yake. Nataka kila kitu kionekane, mpaka feni."